Nusu ya Uwanja

Uzi ulikuwa mweusi, wa kushonea, na mama yake alikuwa ameupiga mafundo mawili. Kati ya fundo na fundo ndiyo ilikuwa nafasi yote ya televisheni mpya: baina ya kabati la nguo na dirisha, chumbani kwa wazazi, mkabala na kitanda. Spana aliunyoosha uzi huo dukani juu ya skrini moja baada ya nyingine, kama fundi cherehani anayempima mteja kifua, na samaki wa rangi waliokuwa wakiogelea kwenye skrini hizo wakapita chini ya vidole vyake bila kumjali.

"Inchi thelathini na mbili ndiyo itakayoingia hapo," alisema muuzaji, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa akimfuata nyuma na kitambaa cha kufutia alama za vidole. "Lakini kabla hujachagua, kaka, nikuulize. Mtazamaji atakuwa anakaa wapi?"

"Kitandani."

"Muda wote?"

Lilikuwa swali la biashara tu, halina ubaya. Lakini lilimkaa Spana kooni kama mwiba wa samaki. Ukimeza haushuki, ukikohoa hautoki.

Alikuwa makanika. Mtaa ulimwita Spana kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa sababu ya ulimi wake pia, maana walisema yeye hana neno la kulegeza, anakaza tu. Baba yake alikuwa mwashi. Mzee yule alitembea juu ya majukwaa ya mbao miaka nenda miaka rudi, upepo ukimpepea suruali, asianguke hata siku moja. Akaja kuteleza bafuni kwake mwenyewe, kwenye sakafu aliyoisakafia kwa mkono wake. Nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, mfupa ukaunga, na daktari wa mazoezi akampa magongo mawili akasema: mguu huu umepona, sasa unataka kazi. Tangu siku hiyo mvua zilikuja zikaondoka, na magongo yalikuwa yangali yameegemea pembeni mwa chumba. Mama alikuwa ameanza kuyaanikia taulo.

Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe, ilikata roho mchana mmoja katikati ya mpira. Mzee alilala akitazama kioo cheusi kana kwamba bado kinaonyesha kitu. Hapo ndipo mama alipopima nafasi ile na kumpa mwanawe uzi.

"Na ile?" Spana aliuliza, akionyesha kwa kidevu.

"Ile?" Muuzaji alicheka. "Ile ya sebuleni, kaka. Inchi hamsini na tano. Picha yake ni ang'avu kiasi kwamba utahesabu nyuzi za wavu golini. Lakini inataka nafasi. Chumbani itakuchoma macho, na haitaingia kwenye huo uzi wako."

Spana aliitazama kwa muda mrefu. Televisheni isiyoingia chumbani. Atakayeitaka itabidi aifuate.

"Nifungie hiyo," alisema.

"Na uzi?"

"Uzi ni wa mama. Televisheni ni ya mzee."

Njiani, boksi likiwa limelazwa kwenye magodoro nyuma ya pikapu ya gereji, alijiona mwerevu kuliko madaktari wote. Aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Wengine hubembeleza, alijiambia, na wengine huponya.

Mama yake alikuwa mlangoni, mikono ikiwa na povu la sabuni. Alilitazama boksi kutoka ncha hadi ncha.

"Uzi niliokupa ulikatika njiani?"

"Haukukatika, mama."

"Basi huo mlango umeung'oa kwa nani?"

"Itakaa sebuleni."

"Baba yako hayuko sebuleni."

"Ndiyo maana itakaa sebuleni."

Mama alijifuta povu kwenye nguo yake, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti. Alipokasirika alizidi kuishusha. "Mgonjwa haulizwi uji, mwanangu. Wewe uji umeuleta, kisha umeutundika darini."

"Mzee si mgonjwa. Mfupa umeunga. Mzee anadeka, mama, na wewe unamdekeza."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Kikohozi kikatokea humo, kikavu, cha mtu asiye na kifua.

"Huyo Spana hata akinong'ona jirani anaamka," sauti ya mzee ilisema. "Mwache apite."

Alikuwa amelala upande wa ukutani, pale pale alipokuwa siku zote, shuka limefika kiunoni. Mikono yake juu ya shuka ilikuwa bado mikono ya mwashi, mipana, kucha nene kama magamba. Spana alimwamkia, naye akaitika, kisha akachungulia boksi lililokuwa limesimamishwa sebuleni.

"Wamekuuzia televisheni au kiwanja?"

"Utaiona, mzee. Ukija."

"Ahaa."

"Wahenga walisema ukimpiga teke chura, umemwongezea mwendo."

"Chura ana miguu minne, bwana. Mimi nimebaki na mmoja na nusu." Akageukia ukutani, polepole, kwa mafungu: kwanza kichwa, kisha bega, na mwisho ule mguu, ambao aliuvuta kwa mkono kama mzigo wa mtu mwingine.

Spana alichagua ukuta wa kati ya madirisha mawili. Ndio uliokuwa bora, mbali na jua, nao haukuonekana kabisa kutoka chumbani. Alipima, akaweka alama kwa penseli, akawasha drili.

"Ukuta huo nimeupiga plasta mimi," sauti ilisema kutoka kitandani. "Toboa kama mtu anayeomba ruhusa."

Aliufunga mkono wa chuma, akaitundika televisheni kwa msaada wa mama, aliyeshika upande wake. Akaunganisha waya wa antena, akaiacha mashine itafute chaneli yenyewe, namba zikipanda kama maji kisimani. Halafu uwanja wa mpira ukafunguka ukutani.

Majani yalionekana moja moja. Kipa alitema mate, na mate yakaonekana yakiruka. Kulikuwa na mchezaji mwenye kovu juu ya nyusi, mtu waliyemshangilia mwaka mzima kwenye ile televisheni ya kobe bila kujua kwamba ana kovu.

"Mzee, njoo uone!"

Akaongeza sauti. Jikoni sufuria ilitua kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Timu yao ikapata goli mapema, uwanja ukalipuka, na Spana akabana pumzi, sikio likitafuta chini ya kelele zile mgongano wa gongo na sakafu. Gongo halikugonga. Ilipotulia kelele, sauti ya baba yake ilisema:

"Punguza."

Haikuwa na hasira. Angeikuta hasira angeijibu, maana hasira walirithishana. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

Akapunguza mpaka kimya. Wachezaji waliendelea kukimbia bila sauti, wakubwa, wang'avu, na yeye kwenye kochi peke yake mbele yao kama mtu aliyeandaa karamu kisha akawafungia wageni nje. Taratibu ikamjia picha ya alichokifanya. Hakununua televisheni. Alinunua fimbo, akaifungia waya wa umeme.

Aliingia chumbani.

"Sukuma mlango," baba yake alisema. "Mama yako yuko wapi?"

"Jikoni."

Mzee aliyapeleka macho kwenye dari. Kisha akasema kwa namna ileile ambayo zamani angemweleza mtu jinsi ya kuchanganya saruji, jambo moja baada ya jingine.

"Siku moja mama yako alikwenda sokoni. Nikasema leo. Nikachukua magongo, nikasimama. Nikaenda. Nilifika pale." Alionyesha kizingiti cha mlango kwa kidevu. "Mguu ukatetemeka kama wa ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Nikaanguka. Kuumia sikuumia. Lakini kuinuka, mwanangu, sikuweza. Nimelala pale, shavu sakafuni, najiambia: maghorofa mangapi nimeyasimamisha mimi, na leo nashindwa kujisimamisha mwenyewe. Nikajikojolea. Niliposikia geti linalia nikajiburuta mpaka kitandani. Mama yako nikamwambia nimemwaga maji."

"Akaamini?"

"Alileta shuka jingine. Hakuuliza ni maji gani."

Spana alitazama kizingiti kile. Kilikuwa kizingiti tu, saruji iliyolainishwa na miguu ya watu wa nyumba moja. Lile neno alilolisema mlangoni, anadeka, lilirudi likamkaa mdomoni, na ladha yake ilikuwa ya petroli aliyozoea kuinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi ikamfika ulimini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Mzee aligeuza kichwa. Karibu atabasamu. "Wewe ungenitoa nje, ukanisukuma mpaka niwake."

Hilo halikuwa na ubishi. Magari ndivyo alivyoyatendea maisha yake yote, na mengi yaliwaka.

Alitaka kusema kitu cha kulegeza, akakitafuta, hakikuwamo. Badala yake alivua viatu, akapanda kitandani upande uliokuwa wazi.

"Unafanya nini?"

"Napima. Nipishe kidogo."

Akaweka kichwa kwenye mto, shavu kwa shavu na baba yake. Mto ulinuka dawa ya kuchua. Tangu azaliwe hakuwahi kuitazama nyumba ile kutoka hapo. Aliufungua mlango wote kwa kuuvuta na dole gumba la mguu, akaona kile ambacho baba yake alikiona kila siku ya Mungu: kipande cha sebule, chembamba, chenye pembe ya meza ndefu na ukuta mtupu nyuma yake.

Alitoka akaishusha televisheni.

"Si ulisema hapo?" mama aliuliza.

"Nimebadili."

"Na matundu hayo?"

"Nitayaziba."

"Utayaziba vibaya," ilisema sauti kutoka chumbani.

Akaifunga televisheni miguu yake ya plastiki, wakaiweka juu ya meza ndefu, wakaisogeza kulia hadi ikagusa ukuta wa pembeni. Hapo palikuwa mwisho. Hakukuwa na pa kwenda tena. Kushoto kwake ulibaki mlango wa jikoni.

"Unaona?"

"Naona nusu. Nusu ya kulia."

Ingekuwa ndogo, ile ya uzi, angeiona yote. Spana alilijua hilo na alijua kwamba mama yake analijua. "Nikisogeze kitanda?"

"Acha kwanza," mzee alisema. "Nusu inanitosha. Tunashambulia kulia."

Na kweli, mpaka mapumziko ilimtosha. Mashambulizi yote ya timu yao yalikuja upande wake, naye akayapokea. "Kumbe huyu ana kovu," alisema mara moja, kwa mshangao mtulivu, kama mtu aliyeambiwa siri ya jirani. Spana alikaa kwenye kochi, mgongo wake ukiwa upande wa chumbani, na mpira ulipotoka nje ya macho ya baba yake alimwambia ulipo. Alishangaa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa rahisi. Haikutaka nguvu.

Kisha kipindi cha pili kikaanza na timu zikabadilishana magoli.

"Uko wapi?"

"Kushoto. Kwa winga wetu. Anapiga krosi. Kipa ameudaka."

"Uko wapi sasa?"

"Huko huko. Kona."

"Nani anapiga?"

"Yule mfupi. Ameupiga kichwa beki wao. Umerudi kwetu, bado kushoto. Anajaribu. Umetoka nje, pembeni ya mlingoti."

"Karibu?"

"Karibu sana, mzee."

Kitanda kililia. Spana hakuongeza neno wala kupunguza. Aliutangaza mpira jinsi ulivyokwenda, ukienda kushoto akasema kushoto, na ingawa palikuwa na nafasi za kutia chumvi hakutia hata punje. Wapinzani wakasawazisha, mzee aliiona hiyo mwenyewe, kulia, akaguna. Kitanda kikalia tena, mara hii kwa muda, kwa mafungu. Baada ya hapo sauti haikuuliza tena mpira uko wapi. Spana akaendelea kutangaza, kwa sauti ya chini zaidi na zaidi, hata mwisho akanyamaza bila kujua amenyamaza lini.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alitokea na trei ya vikombe, akapiga hatua moja na kusimama pale kushoto, mbele ya goli ambalo kutoka kwenye mto ule haliwezi kuonekana. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha mwanawe, yakaenda chumbani, yakabaki huko.

"Wewe mama," mzee alisema. "Toka hapo, unaniziba."

Mama alisogea. Alisogea taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na ndege aliyetua dirishani, akaiweka trei mezani bila kuitazama. Spana alishika kingo za kochi kwa mikono miwili. Shingo ilimwasha kutaka kugeuka. Akaikaza, macho yake mbele kwenye yale majani ya kijani, na kama mtu angemuuliza wakati ule mpira uko wapi, asingeweza kumwambia.