Pikipiki Iliyonyamaza

Nilikuwa nimeinamia kabureta, nazibua tundu la petroli kwa uzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, Mzee Ambilikile aliposema nisihangaike sana.

"Isafishe tu iwake, Ridhwani. Natafuta mtu wa kuinunua."

Nikadhani ananitania. Pikipiki ile aliipata kwenye mnada wa mali chakavu, mwaka 1991, muda mfupi baada ya kupunguzwa kazi ya ubwana shamba. Ilipofika kwangu ilikuwa na kiota cha nyigu ndani ya taa. Tuliifufua pamoja, kifaa kimoja baada ya kingine. Mimi sikusomea ufundi, nilijifunza kwa kufungua na kurudishia. Tangu hapo kila kiangazi aliendesha: Ngana, Njisi, Busale, njia za kwenye kingo za majaruba na zile zinazopita katikati ya mikakao. Watu walipomwuliza anafuata nini huko, alijibu, "Naenda kuona." Walimcheka. Mtu mzima, anachoma petroli bila hata gunia la mpunga nyuma!

Mwaka huu alikuwa amepanga kwenda Matema kupitia Ipinda, afuate ufuko wa ziwa mpaka njia iishe. Alinichorea safari nzima kwenye karatasi ya sukari.

"Na Matema?" nikamwuliza.

"Matema itabaki palepale." Akaitazama mikono yake. "Juzi nimemwangusha mkamwana wangu."

Mimi ni mzaliwa wa Kyela. Babu yangu alikuja na duka kutoka Kilwa, lakini mila za hapa nazijua tangu utoto. Kwa Wanyakyusa wanaoishika desturi, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, huingia porini mpaka mzee apite. Mjini wengi walishalegeza. Nyumba ya Mzee Ambilikile ilikuwa bado.

Akanieleza. Mkamwana huyo, Angetile, alikuwa anatoka sokoni na chungu kipya kichwani, kimoja cha vile vinavyoletwa na akina mama Wakisi kwa mitumbwi. Kwenye kona ya Busale, pikipiki ikamtokea mgongoni bila yeye kusikia kitu. Alipogeuka, mzee yuko hatua nne. Akajirusha mtaroni. Mzee naye, ili asimwone, akafumba macho.

"Ukafumba macho unaendesha?"

"Ningefanyaje?"

"Ukaishia wapi?"

"Mtaro uleule."

Nikang'ata mdomo nisicheke. Walikaa humo wote wawili, alisema, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, yeye ameshika mbavu, mwenzake ameshika goti, chungu vipande vipande kati yao. Hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake wala kumpa pole. Walisubiri mpaka akapita muuza samaki mmoja wa baiskeli, akamwinua huyu, kisha yule.

"Siku zote alikuwa ananisikia nikiwa mbali," mzee akasema. "Ana muda wa kujificha. Safari hii hakusikia."

Hapo mikono yangu ikasimama. Mwezi uliopita niliishughulikia ekzosi yake kwa siku tatu. Niliziba matundu yote ya kutu, nikaweka kizuia sauti kipya ndani, mpaka injini ikawa inanong'ona. Nilijisifu kwa kila aliyepita. Kwa fundi kelele ni ugonjwa. Sikuwaza kwamba kuna mtu aliyekuwa anaitegemea.

"Basi kosa ni langu, mzee."

"Ulifanya nilichokuomba. Nilitaka kusikia ndege nikiwa njiani." Akasimama. "Iuze tu. Mtu wa umri wangu akae nyumbani."

Nikarudi kwenye kabureta. Mara mzee akachungulia barabarani, akashtuka, akazunguka nyuma ya ukuta wa mabati kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mtu mwenye mbavu zinazouma.

Angetile alikuwa anakuja, kitambaa gotini, anachechemea. Akaiona pikipiki. Akavuta kanga mpaka kwenye nyusi, akageukia barabara.

"Hodi, fundi. Mwenyewe yupo?"

"Yupo nyuma ya bati."

"Basi siongei naye. Naongea na wewe." Sauti yake ikapanda kidogo, ya kutosha kupita kwenye bati. "Nimesikia inauzwa. Ni kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa fundi, wewe una akili. Mwenye nyumba akishinda nyumbani, mimi nitapita wapi? Kisima kiko mbele ya baraza lake. Jiko liko mbele ya baraza lake. Akiondoka na hiyo pikipiki, napumua. Nafagia uwanja wote, naimba. Akiiuza nitaishi nyuma ya choo!"

Nyuma ya bati mzee akakohoa.

"Fundi," sauti ya mzee ikasema, "mwambie aliyekuja kwamba goti lake linaniuma mimi. Na chungu nitaleta kingine. Lakini sitaki kumtia mtaroni tena."

"Amesema..."

"Nimesikia, fundi, mimi si kiziwi. Kelele ndiyo ilikuwa dawa. Irudishe."

"Mwambie," mzee akasema, "kelele ile nikiwa nayo mpaka Matema nitarudi sina masikio."

"Mwambie apige honi!" Akajisahihisha mwenyewe. "Hapana. Atasahau. Akiona ua la mpunga anasahau hata jina lake."

Kutoka nyuma ya bati nikasikia mzee akicheka, taratibu, kwa sababu ya mbavu.

Nikaichukua ekzosi, nikaigeuza. Karibu na mwisho wake, kabla ya kizuia sauti, palikuwa na sehemu bapa. Nikawaza: tundu moja hapo, la kuingia kidole gumba, na kifuniko cha chuma chenye bawaba na springi. Kikifunguliwa, inanguruma. Kikifungwa, inanong'ona.

Nikawaeleza wote wawili, nimesimama katikati na ekzosi mkononi. Kuanzia nyumbani mpaka apite kona ya Busale kiwe wazi. Mbele ya hapo akifunge.

"Na akirudi?" Angetile akauliza.

"Akifungue kabla ya kona."

"Mwambie nitafungua nikiwa bado Ipinda," mzee akasema.

"Ndaga, fundi," Angetile akasema. Hakusema kama shukrani hiyo yote ilikuwa yangu. Akaondoka akichechemea, na mzee akabaki nyuma ya bati mpaka nilipomwambia kwamba amepinda kwenye duka la Salma.

Alitoka akijipangusa kutu mabegani. "Matema ni siku ngapi, kwenda na kurudi, ukienda polepole?"

"Mbili. Tatu, ukisimama kwa kila ndege."

"Tatu," akasema, akaenda zake kwa njia ndefu, kwa miguu.

Nilitoboa tundu kwa keekee, nikalilainisha kingo kwa tupa. Kifuniko nilikikata kwenye kipande cha jembe chakavu; mara ya kwanza kikawa kidogo, nikakata kingine. Bawaba ilihitaji kuchomelewa, na Athuman mwenye mashine alikuwa Tukuyu kufuata vijiti vya kuchomelea, harudi mpaka asubuhi. Springi niliyokuwa nayo ilikuwa laini mno. Nikaweka alama ya chaki mahali bawaba itakapokaa, nikairudishia kabureta mahali pake, nikaiacha ekzosi juu ya benchi, tundu likitazama juu.