Mlolongo wa Kwenda Amerika

Nimevuna ngano Timau, nimechuma majani chai Kangema, na Kerugoya nililinda duka la Mhindi mmoja mpaka akachoka kuniamsha. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hapa, nusu darasa pale, kila baba alipohama. Kwa hivyo sikuwahi kufikiri kwamba Jumapili moja nitasimama kwenye nyasi za boma la ndugu yangu marehemu, hapa nje ya Nyeri, nikiwa chuo kikuu.

Kabura ni mjukuu wa huyo ndugu yangu. Baba yake alikufa mapema, na mama yake, Watiri, amemlea kwa kahawa na kuku. Msichana ana kichwa. Alijitafutia mwenyewe chuo huko Amerika, kinaitwa Larkin Plains, mahali panaitwa Nebraska, nacho kikamjibu kwamba kitamlipia masomo, chakula na kitanda. Alitaka kusoma udongo, kwa sababu kahawa ya mama yake imekuwa ya njano na kila mtaalamu anayekuja huishia kuuza mbolea. Ilibaki tikiti ya ndege na viza tu. Jibu la kukubali nafasi lilitakiwa kabla ya Jumatatu kuisha.

Mtu wa kwingine angesema mambo yamekwisha. Hapa kwetu ndiyo yalikuwa yanaanza, kwa maana hapa mtu hapandi ndege peke yake. Anapandishwa na kamati. Na anayechanga ana sauti. Ukichangia harusi, utachagua rangi ya keki. Ukichangia mazishi, utaamua maiti apitishwe barabara gani. Kabura alichangiwa tikiti, basi kamati ikataka kuchagua chuo.

Mwenyekiti alikuwa Gatimu, ambaye tunamwita Baba Ken, kwa sababu ya mtoto wake aliyeko Amerika. Ken alipelekwa na kijiji hiki hiki, kwenda chuo cha Wexham, Texas, na tangu hapo Gatimu hawezi kuomba chumvi bila kutaja Texas. Ati Ken anamalizia masters. Amekuwa akiimalizia tangu jogoo wa Watiri akiwa kifaranga, na huyo jogoo tulishamla akiwa mzee.

"Kabura ataenda Wexham," Gatimu alisema, akiwa amevaa koti lake la kuongoza vikao. "Hiyo tunaijua. Ken yuko huko. Hiyo Larkin sijui nini, nani anaijua hapa? Inua mkono."

Hakuna aliyeinua. Kabura aliinua wake.

"Wewe hatukuhesabu. Wewe ndio unapelekwa."

Tabby, yaani Mama Njeri, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, aliruka. "Baba Ken, wacha kutufunga macho. Apelekwe Massachusetts. Dadangu ako huko. Wako na kanisa ya Gikuyu, wanapika irio, hata baridi hausikii. Kuna chuo karibu, inaitwa Ashgrove. Ukitoka kwa mlango ya kanisa, unaiona."

"Na inafundisha nini?" Kabura aliuliza polepole.

"Si chuo? Itakosa kitu ya kufundisha?"

"Mimi nataka kusoma udongo, Mama Njeri."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mzee mmoja aliinama, akachota udongo mwekundu kwa kiganja, akamwekea miguuni. "Shika. Umefika Amerika."

Watiri, mama wa mtoto, aliangalia chini. Alikuwa amepika chai ya watu wote hao, na mtu aliyepikia kamati chai hana ruhusa ya kuikasirikia.

Wakabishana mpaka mwandishi wa kamati akapiga meza. "Tupige mlolongo," alisema, na wote wakaitikia, kwa sababu hiyo tunaijua. Ndivyo tunavyochagua kamati ya kahawa: mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake. Siri hakuna. Kila mtu anaona umefuata mgongo wa nani, na usiku unalala ukijua nani atakunyima maji.

Shida ni kwamba chuo hakina mgongo. Ikabidi kila chuo kitafutiwe mtu. Gatimu akasimamia Wexham. Tabby akasimamia Ashgrove. Larkin Plains ikakosa mtu, mpaka mwandishi akaniona nimekaa kwenye ndoo.

"Mzee Theuri! Wewe umezurura kila mahali. Simamia hiyo ya mbali."

"Sijawahi kufika Nebraska."

"Na sisi je? Simama."

Nikasimama. Nilijaribu kuonekana kama chuo kikuu, kifua mbele, nikafunga kifungo kimoja kilichobaki.

Watu wakaanza kujipanga. Kwa Gatimu mstari ulipita ghala ukafika kwenye mti wa parachichi. Wengi hawakujua Texas iko wapi, lakini walijua Gatimu ndiye anayesaini barua za mikopo ya kikundi. Kwa Tabby walienda akina mama wa kanisa na vijana wawili waliosikia harufu ya irio. Watiri alisimama katikati ya uwanja akipangusa mikono kwa leso ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akaenda, kichwa chini, akasimama kwa Gatimu. Mama mzazi. Sikumlaumu. Pesa za tikiti zilikuwa mfukoni mwa koti lile.

Nyuma yangu alikuja mtu mmoja tu.

"Guka," Kabura alininong'oneza mgongoni, ndivyo anavyoniita babu yake, "Wexham ilifungwa."

"Imefungwa, leo ni Jumapili."

"Hapana, guka. Ilifungwa kabisa. Miaka minne sasa. Waliuza majengo, sasa wanauza magodoro ndani. Niliona kwa simu, hata picha iko. Juzi nilimwonyesha Baba Ken. Aliniambia mtandao ni wa uongo, na nisirudie tena hiyo maneno kama nataka kupanda ndege."

Nikaangalia ule mstari mrefu wa watu wazima, wakristo, wenye mashamba na akili zao, wamejipanga nyuma ya duka la magodoro.

"Kwa nini husemi?"

"Nikisema mimi, nimemtukana mbele ya watu. Tikiti imeenda, na mama ataishi na wao."

Hapo alikuwa sawa. Lakini mimi siishi na mtu. Mimi hupita tu, na sijawahi kuomba barua ya mkopo. Mwandishi alikuwa ameanza kuhesabu nikapaza sauti.

"Mwenyekiti! Kabla ya kuhesabu, pigia Ken. Atusalimie, atuambie habari ya Wexham. Wengine tunaweza kubadilisha mstari."

Mstari wote ukashangilia. Gatimu akanitazama. Nadhani alijua, au alikuwa anakataa kujua, ambayo ni kazi ngumu zaidi. Lakini mtu ambaye ametaja Texas kila siku hawezi kukataa kuipigia simu. Akatoa simu, akampa kijana wa mstarini abonyeze ili sauti isikike nje, akarudishiwa.

Ililia sana. Kisha ikatoka sauti ya mtu aliyechoka.

"Baba? Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna! Ken, niko na kamati hapa. Tunapeleka Kabura wa Watiri huko kwenu Wexham. Waambie watu mazuri ya hiyo chuo."

Tukasikia gari likipita upande wa pili wa dunia.

"Kabura gani? Yule wa hesabu?"

"Huyo huyo."

"Baba, asikuje. Mwambie asikuje Wexham. Hakuna Wexham. Si ilifungwa nikiwa mwaka wa pili?"

"Ken, network ni mbaya..."

"Network iko sawa, Baba. Ndio nimetoka kazi, nimegeuza wazee wagonjwa kwa vitanda usiku mzima. Hiyo masters ni wewe ulianzisha. Mimi nilisema natafuta chuo ingine, wewe ukatangazia watu masters. Sasa ningesema nini?"

Gatimu alikuwa anabonyeza simu kwa kidole gumba, kila mahali, kama mtu anayeua siafu. Sauti haikuzimika. Ilizidi.

"Mwambie huyo msichana kama kuna mahali wamempatia kila kitu, aende huko huko. Hata kama ni kwa barafu. Baba? Umenisikia? Unakula vizuri?"

Kijana akamnyang'anya simu, akaizima. Nilisikia sufuria ya chai ikichemka jikoni. Nilifikiri mzee ataanguka. Hata nilianza kujuta. Lakini hamjui wenyeviti wa kwetu.

Gatimu alikohoa. Akavuta koti likae sawa.

"Wanachama," alisema, "mmesikia taarifa ya mwakilishi wetu Amerika. Kamati hii haifanyi kazi kwa kubahatisha. Ndiyo sababu nilimpigia."

Akatoka mbele ya mstari wake. Akapita nyasi zote, akaja akasimama nyuma ya Kabura. Na ule mstari wote, kutoka ghalani hadi kwenye parachichi, ukageuka ukamfuata, watu wakisukumana ili wasionekane wa mwisho kuipenda Nebraska. Yule mzee wa udongo alinikanyaga kisigino akitafuta nafasi. Tabby aliachwa peke yake na Massachusetts yake kidogo, kisha naye akaja, akisema hata yeye moyo ulikuwa unamwambia.

Watiri alikuja mbio. Alimshika binti yake mabega kutoka nyuma, na Kabura alikuwa tayari ana simu mkononi. Hakungoja mwandishi amalize kuandika. Akabonyeza jibu la kukubali nafasi, akabonyeza tena kuhakikisha.

"Imeingia?" Watiri aliuliza.

"Imeingia, mami."

Gatimu aliweka bahasha ya pesa za tikiti mkononi mwa Kabura mbele ya watu wote, makofi yakapigwa. Kisha akamvuta kando, pale nilipokuwa nimerudi kukaa kwenye ndoo, na nafikiri alinisahau.

"Hiyo Nebraska na kwa Ken, ni umbali gani?"

"Ni mbali, Baba Ken. Ni kama kwenda Lodwar na kurudi."

"Hiyo si mbali," alisema mtu ambaye hajawahi kupita Isiolo. Akashusha sauti. "Ukimpata, usimuulize masters. Muulize kama analala."

"Nitamuuliza."

Akarudi mezani, akainua mikono, akaomba watu wafumbe macho. Akamshukuru Mungu kwa kuwapa watu wa kijiji hiki kamati inayoona mbali. Tukasema amina, na mimi nikaisema kwa sauti kuliko wote.