Saumu ya Genoveva

Wanawake wa kikundi cha wakulima cha Bashay walipompigia kura Genoveva Akonaay aende Korea kujifunza kuhifadhi vitunguu saumu, walikuwa na sababu mbili. Saumu zake zilikuwa kubwa kuliko za wenzake, na tena haogopi kuuliza maswali. Suala la chakula halikumjia mtu kichwani. Genoveva mwenyewe, mjane wa miaka hamsini na mitatu, alikuwa amekula hotelini mara chache sana maishani, Katesh siku za mnada, na Haydom alipokuwa akimuuguza marehemu mumewe.

Upande wa wafanyabiashara alichaguliwa Farida Yahaya wa Dongobesh. Genoveva aliposikia jina hilo aliguna moyoni. Farida ndiye mnunuzi wake. Kila msimu alifika Bashay na lori wakati saumu bado mbichi na mvua inanyemelea, na mkulima asiye na mahali pa kuanikia hana ujanja, anauza kwa bei anayotajiwa. Farida hakuwa mtu mbaya. Alisalimu vizuri, na mizani yake haikuwa na hila. Lakini bei aliitaja yeye.

"Shikamoo mama," alisema Farida walipokutana uwanja wa ndege. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na sanduku lake lilikuwa na magurudumu manne.

"Marahaba mwanangu. Basi ndiyo tunaenda."

"Tunaenda, mama. Mungu atufikishe."

Mungu aliwafikisha Busan, mji wa bahari na milima, wenye nyumba ndefu kiasi kwamba Genoveva alichoka shingo siku ya kwanza. Jioni ile wenyeji waliwapeleka kwenye mkahawa mkubwa ufukweni. Katikati ya kila meza palikuwa na jiko la makaa, na wahudumu wakaleta visahani mpaka meza ikajaa. Kulikuwa na kabichi kali yenye pilipili, majani mabichi, samaki wadogo, machipukizi ya maharage, na vingine ambavyo hata mkalimani hakuvipatia jina. Mkalimani aliitwa Sujin, binti wa mji uleule aliyesomea Kiswahili chuo kikuu, akikizungumza kwa usafi kama msomaji wa taarifa ya habari.

Kilichomshangaza Genoveva ni kisahani cha saumu mbichi, zimekatwakatwa, watu wanazichota na kutafuna pamoja na nyama kama karanga.

"Hawa ndio wateja," alimnong'oneza Farida.

Farida alicheka, ila mkononi alikuwa na wali mtupu. Nyama ile ilikuwa ya nguruwe. Alikula samaki na majani, akashukuru kwa adabu, akarudi hosteli nusu njaa. Genoveva alikula kwa niaba ya wote wawili. Hakujua kwamba kwa siku nyingi zijazo hatashiba tena hivyo.

Kesho yake kila mshiriki alipewa bahasha ya posho. Asubuhi hosteli ingewapa chai na mkate, lakini mchana na jioni kila mtu ajilishe mwenyewe kwa siku kumi na tano zilizobaki. Genoveva alifunga mlango wa chumba chake na kuzipanga zile noti kitandani. Sujin alikuwa amemwambia thamani yake kwa shilingi, naye akazihesabu tena moja moja. Kwake posho ile ilikuwa mabati. Yalikuwa mabati ya kutosha banda zima la kuanikia saumu, endapo angekula kidogo tu.

Basi akaanza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka dogo lisilofungwa usiku wala mchana. Huko aliuziwa wali wa pembetatu uliovikwa jani jeusi la baharini, na tambi kwenye kopo la karatasi zinazomiminiwa maji ya moto. Mwanzoni alichukua vyote viwili. Siku ya nne alichukua kimoja. Siku ya sita mchana aliupitisha kwa maji, akasimama dirishani pa duka akiwatazama wanafunzi wakivuta tambi zao kwa vijiti.

Farida alikuwa na fedha zake mwenyewe alizokuja nazo kutoka Dongobesh. Alipanda treni ya chini ya ardhi mpaka karibu na msikiti, ambako Mturuki mmoja alikuwa na mkahawa wa nyama ya kondoo, halali isiyo na shaka. Siku ya tano alimchukua Genoveva.

"Leo mama ni mgeni wangu."

Walikula wali wenye siagi na nyama laini inayoachia mfupa yenyewe. Genoveva alikula polepole, kwa kuogopa kuonyesha njaa. Farida alipolipa, Genoveva aliiona karatasi ya malipo, akainamisha macho. Kesho yake alipoalikwa tena alisema tumbo halijakaa sawa. Kesho kutwa akasema chakula cha kigeni kimemchosha. Hakutaka kulishwa na mnunuzi yuleyule ambaye yeye anajinyima ili amkwepe.

Siku ya tisa walipelekwa kuona ghala la saumu nje ya mji. Mafungu yalining'inia kuanzia darini mpaka usawa wa kichwa, upepo ukipita katikati, na harufu ikamkumbusha Genoveva nyumbani. Alinyoosha mkono kuuliza nafasi kati ya fungu na fungu. Swali halikutoka. Sakafu ilipanda kumpokea.

Alipofumbua macho, Sujin alikuwa akimnywesha maji ya matunda, naye Farida amekishika kichwa chake mapajani. Daktari aliyeitwa alimpima, akauliza swali moja, na Sujin akalitafsiri kwa aibu.

"Anauliza, mama, mara ya mwisho ulikula lini?"

Genoveva alirudia kunywa maji yale.

Jioni Farida alimfikisha chumbani na kumlaza. Alipokuwa akitafuta kikombe alifungua kabati, akakuta makopo matupu ya tambi yaliyooshwa na kupangwa, na bahasha ya posho ikiwa bado nene. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, mimi Mwislamu na huu si mwezi wa mfungo. Wewe mkulima wa saumu, kumbe nawe umefunga saumu?"

Utani ule haukumchekesha hata yeye mwenyewe.

"Nakusanya mabati," alisema Genoveva. "Ya banda."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekukopesha."

"Ndiyo maana sikukuambia." Genoveva aligeukia ukutani, kisha akaona uongo hauna faida tena, akamgeukia. "Farida, mwanangu, nataka banda ili nisikuuzie mbichi tena. Kila mwaka unanikuta mvua iko mlangoni. Unataja bei, nami naitikia kama mtoto. Nimechoka kuitikia."

Farida aliinuka. Akafunga kabati taratibu, akasema, "Ulale mama," akatoka.

Genoveva alilala akijua ameharibu. Kwa nini kumwambia mtu neno kama hilo wakati mikono yake ndiyo iliyokuokota sakafuni? Siku iliyofuata aliambiwa apumzike, akashinda chumbani. Aliteremka mara moja tu, akanunua vipande viwili vya wali wa pembetatu, akavimaliza vyote bila kuhesabu fedha.

Saa kumi na moja jioni mlango uligongwa. Farida alikuwa amesimama na Sujin, amejifunga mtandio, viatu vyake vina vumbi.

"Shikamoo. Vaa sweta. Nimezunguka tangu mchana kutafuta."

"Kutafuta nini?"

"Mahali pako wewe na mimi."

Walimpeleka sokoni, kwenye kichochoro chenye mvuke. Pande zote mbili palikuwa na mabenchi ya mbao, na nyuma ya kila sufuria mama mtu mzima. Farida alikaa kwa mmoja mwenye nywele fupi nyeupe. Tayari alikuwa amemwuliza kila kitu kupitia kwa Sujin: tambi zinakandwa hapohapo, mchuzi ni wa dagaa wakavu na mwani, hakuna nyama ndani. Bakuli moja halikuzidi sana bei ya vile vya dukani, na kabichi ya pilipili unaongezewa bure mpaka useme basi.

"Dagaa!" alisema Genoveva alipoonja. "Farida, ni dagaa kweli!"

"Si nimekuambia?"

Alikula bakuli zima, akaongezewa kabichi, akaongezewa tena. Yule mama muuzaji alikuwa akimenya saumu kwenye beseni huku akimtazama mgeni wake akitoka jasho. Genoveva aliokota punje moja, akaibonyeza, akainusa.

"Mwambie hii ilianikwa kivulini, wala haikuharakishwa juani."

Sujin alitafsiri. Mama yule aliacha kisu, akacheka kwa sauti, akamwongezea mchuzi bila kuombwa.

Walipobaki na vikombe vya maji, Farida alizungumza akitazama meza.

"Jana uliniumiza, mama."

"Najua. Nisamehe."

"Usiombe msamaha, ulisema kweli. Lakini nami nikwambie. Saumu mbichi zako huwa nazisafirisha kwenye lori lenye joto. Mwaka jana nilimwaga robo ya mzigo Arusha, imeota ukungu. Unafikiri natajirika kwa haraka yako, kumbe haraka hiyo inatula sote." Alisukuma bakuli. "Jenga banda. Zikikauka nitakuja, na nitalipa bei ya kavu."

"Utayasema hayo mbele ya kikundi?"

Farida aliinua macho, akaona kwamba mama hatanii.

"Nitayasema."

Siku zilizobaki walikula palepale mchana na jioni. Bahasha ilipungua. Genoveva aliporudi Bashay, mabati yalitosha robo tatu ya banda, na sehemu iliyobaki akaiezeka kwa nyasi. Farida alikuja kikundini akayasema yale aliyoahidi, na wanawake wakamsikiliza huku wakiwa na mashaka, kwa maana maneno ya mnunuzi ni rahisi mizani ikiwa mbali.

Mwezi wa kumi na moja alikuja na lori. Saumu zilikuwa zimening'inia miezi miwili. Alipita chini yake akizigusa, akataja bei. Ilikuwa bora kuliko ya mwaka wowote. Genoveva alitaja yake.

"Mama, unaniua."

"Hufi."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Genoveva alimuuzia nusu, akasema nusu nyingine itasubiri mpaka baada ya Krismasi. Farida alipakia akiwa amenuna, akaondoka bila kumaliza kikombe chake. Genoveva alisimama uani akilitazama vumbi la lori, na hakujua kama amepoteza mteja au mtoto.

Simu ililia lori likiwa bado njiani.

"Shikamoo mama. Zile zilizobaki, usimwambie mnunuzi wa Karatu kabla hujaniambia mimi."

"Marahaba. Nitakuambia wewe kwanza," alisema Genoveva. "Lakini bei tutaitaja wote wawili."

Farida akacheka.