Walivyomfukuza Maziwa ya Soya

Njia ilikatika Jumamosi mchana, na watu themanini wakaanza kubishana badala ya kuiunga.

Nieleze kwanza njia ni nini, maana mume wangu ameshaniuliza mara nyingi na bado hajui. Katika mchezo wetu wa simu nchi nzima imegawanywa viwanja vidogo vidogo. Muungano hauwezi kushambulia mji mpaka viwanja vya wanachama wake viwe vimegusana, kimoja baada ya kingine, kuanzia kwenye ngome zetu hadi chini ya ukuta wa mji huo. Kila kiwanja kina mwenyewe. Mmoja akiachia cha kwake katikati, jeshi zima linabaki linatazama ukuta kwa mbali kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Mji wenyewe uliitwa Lango la Chumvi, na wapinzani wetu, muungano wa Nyuki, nao waliutaka. Tulipanga kuupiga saa kumi na moja jioni, na msimu ulikuwa unaisha usiku huo huo. Tukiupata, msimu ujao tunaanza na mji wetu, wote pamoja. Tukiukosa, muungano mkubwa wa Mawingu ungechukua wenye ngome kubwa thelathini, na sisi wengine tungetawanyika kama kuku sokoni. Mimi ni katika hao wengine. Niliingia mchezoni kumchunguza binti yangu. Binti akachoka baada ya mwezi mmoja, mimi nikabaki, na leo ni makamu mwenyekiti. Watu hao wa mchezoni ndio ninaocheka nao kuliko wote ofisini kwangu. Sikutaka kuwapoteza kwa sababu ya uzembe.

"Nani kaachia kiwanja pale darajani?" aliandika Ting-wei kwenye kundi letu la simu. Ting-wei ndiye mwenyekiti. Ana karakana ya pikipiki mjini Taichung, na anaandika kama anavyogonga chuma.

"Si mimi," akaandika wa kwanza.

"Si mimi."

"Mimi nilikuwa nakula, si mimi."

Wakapita wote wakisema si wao, kama watoto mbele ya chungu kilichovunjika. Hakuna hata mmoja aliyetuma askari.

"Acheni 'si mimi'," niliandika. "Aliye karibu na daraja atume jeshi. Ni kiwanja cha mchanga tu. Muda si mrefu kitakuwa chetu tena."

"Dada Sufuria, lazima kwanza tujue ni nani," alijibu Po-yen. Sufuria ndilo jina langu mchezoni. Po-yen ni mhandisi wa Hsinchu, na hajawahi kuandika jambo kwa mstari mmoja kama linaweza kuandikwa kwa kumi. "Kama ni mpelelezi wa Nyuki, tukiunga atakata tena. Tukitazama misimu miwili iliyopita, asilimia kubwa ya njia zilizokatika..."

"Po-yen, kaka yangu, unaandika tasnifu?" Huyo alikuwa Yao-te, dereva wa teksi, anayetuma ujumbe kila akisimama kwenye taa nyekundu. "Mpelelezi gani anapewa kazi ya mchanga? Nyuki si wajinga hivyo."

"Hujui Nyuki."

"Nimewabeba wawili kwenye teksi. Walishuka bila kufunga mlango. Nawajua."

Ndipo Hsiu-chu akajitokeza. Hsiu-chu ana kibanda cha kifungua kinywa Pingtung, chapati za mayai na maziwa ya soya, na hayo maziwa ndiyo jina lake mchezoni. Kibanda kinafungwa mchana, kwa hiyo alasiri zote anazo. Nusu ya njia ile aliitandaza yeye, kiwanja kimoja kimoja, wakati wenzake wako makazini.

"Jamani ni mimi. Nisameheni. Niliona mgodi wa mawe umeachwa wazi, na viwanja vyangu vimefika kikomo. Nikaachia kile kibovu kuliko vyote nipate nafasi. Nikaona ni mchanga mtupu, nikajua hakina kazi. Sikutazama kiko wapi. Nimeshatuma askari wakirudishe, watafika saa kumi na robo."

Kosa la aina hiyo tunalifanya wote. Unahesabu kiwanja kwa kinachozaa, unasahau kinachounganisha. Saa kumi na robo ilitutosha kabisa. Jambo lilikuwa limekwisha, mimi nikaweka simu juu ya meza nikarudi kusafisha samaki.

Nilipoichukua tena, kumbe halijaanza.

"Sheria ni sheria," Ting-wei alikuwa ameandika. "Anayekata njia siku ya vita anatolewa. Tuliipitisha wote."

"Tuliipitisha kwa ajili ya yule kijana aliyeuza njia kwa Mawingu," niliandika. "Huyu kateleza, na anarekebisha mwenyewe. Askari wako njiani."

"Kila mtu akiteleza kidogo, tutafika lini?"

"Tutafika saa kumi na robo. Kakwambia."

"Dada, usinichekeshe. Nikimwacha yeye, kesho nimwambie nini mwingine?"

"Kesho hakuna mwingine. Msimu unaisha leo!"

Po-yen akaleta hoja kwamba sheria isiyotekelezwa ni mbaya kuliko kukosa sheria. Mwingine akasema mama yule ana umri wa mama yake na aibu iko wapi. Mwingine akasema umri haujengi ngome. Wakaulizana kama "siku ya vita" inaanza asubuhi au inaanza jeshi linapotoka. Walibishana juu ya hilo, nawaapia, kwa jazba kubwa kuliko wanavyobishana juu ya meya wao.

"Semeni tu ukweli," aliandika Yao-te, nadhani alikuwa kwenye taa ndefu. "Mwenyekiti keshaahidiwa kiti Mawingu. Anataka waone ana mkono wa chuma."

"Rudia hiyo," aliandika Ting-wei.

"Taa imewaka kijani."

Hsiu-chu aliandika mara moja tu: "Askari wamevuka mto." Hakuna aliyemjibu.

Nikaanza kuandika: "Usimtoe kabla ya saa kumi na moja. Viwanja karibu ishirini vya njia hiyo ni vyake. Akitoka, vinatoka naye..." Hapo gari la taka likaingia mtaani kwetu na muziki wake. Nilikuwa na mfuko wa matumbo ya samaki, na Jumapili gari halipiti. Nani anakaa na matumbo ya samaki hadi Jumatatu, kwenye joto la mji wetu wa Yuanlin? Isitoshe, niliamini kwamba mwenyekiti aliyeongoza misimu minne hahitaji kuambiwa mahali viwanja vinapokwenda mwenyewe akitolewa. Nikaacha ujumbe bila kuutuma, nikateremka ngazi na mifuko, nikasimama foleni na majirani, nikatupa, nikapanda.

Kwenye simu kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu: Maziwa ya Soya ametolewa kwenye muungano.

Nikafungua ramani. Njia yetu, iliyokuwa na tundu moja, sasa ilikuwa kama wavu uliotafunwa na panya: viwanja vyote vya Hsiu-chu vimegeuka vyeupe, rangi ya asiye na muungano. Na wakati natazama, jeshi la Hsiu-chu likafika darajani kama alivyoahidi. Kiwanja cha mchanga kikawa chake. Lakini yeye hakuwa wetu tena.

Kwenye kundi wakaanza kuulizana:

"Mbona njia imekuwa nyeupe?"

"Simu yangu ina tatizo au nyote mnaona hivi?"

"Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti??"

"Makamu alikuwa wapi?" aliuliza Ting-wei. "Makamu anajua mambo ya viwanja. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natupa taka," niliandika. "Wewe ulikuwa unatupa muungano."

Yao-te akatuma picha ya bata anayelia.

Nikawaambia wanyamaze wote nifikiri. Aliyetolewa harudi mpaka siku nzima ipite. Kuviteka viwanja vyake kimoja kimoja ni kazi ya usiku kucha. Ilibaki dawa moja. Mtu asiye na muungano anaweza kufungulia muungano mmoja ardhi yake upite. Ni kitufe tu. Kikibonyezwa hakibadilishwi tena siku hiyo. Kwa hiyo funguo za Lango la Chumvi alikuwa nazo mwanamke tuliyemfukuza muda mfupi uliopita.

Nikampigia.

"Dada Hsiu-chu."

"Nakusikia, mdogo wangu." Nilisikia sahani zikigongana. Alikuwa anaosha vyombo vya kibanda.

"Hasira zimewashika. Nimewapigia kelele."

"Niliona, kabla hawajanitoa kwenye kundi pia. Ahsante."

"Unaweza kutufungulia?"

Akafunga bomba la maji. "Nyuki wamenitafuta. Kiongozi wao mwenyewe. Njia yao imefika kwenye viwanja vyangu vya mashariki, nikiwafungulia wanaingia. Ameniita Dada Mkubwa, akaniuliza kama nimekula."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nasubiri. Sikiliza, mimi sitaki kitu. Ting-wei aandike kwenye kundi, mbele ya wale wale walioona nikitolewa, kwamba alikosea kunitoa. Mstari mmoja. Akiandika nafungua."

Nikaona hilo ni jambo jepesi mno. Nikampelekea Ting-wei maneno yale kama yalivyo, mbele ya kundi zima.

"Mimi?" akajibu. "Yeye ndiye aliyekata njia, mimi ndiye niombe radhi?"

"Yeye aliomba. Tena mbele ya wote. Zamu yako."

"Mwenyekiti akiinama kwa mwanachama, heshima inabaki wapi?"

"Heshima itabaki ndani ya Lango la Chumvi, kama tutaingia. Mdogo wangu, andika. Ni neno moja 'nilikosea'. Hata mume wangu analijua."

Hapo ndipo nilipotamani kuitupa simu nayo kwenye gari la taka. Kwa sababu badala ya kumwacha aandike, walianza kumshauri. Mmoja alisema radhi iombwe na muungano, si na mtu. Mmoja alisema iombwe faraghani. Po-yen alipendekeza kura, kisha akapendekeza kura juu ya maneno ya kupigiwa kura. Mwingine, ambaye msimu mzima sikuwahi kuona askari wake hata mmoja, alisema tusikubali kutishwa.

"Nani katishwa?" niliandika. "Mama anaosha sahani huko, anasubiri kitu mnachowafundisha watoto wenu wa chekechea!"

Zilipobaki dakika chache kufika saa kumi na moja, Ting-wei akaandika: "Muungano unasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na utekelezaji wa sheria."

Nilisoma mara mbili. Nikapiga picha ya maneno hayo, nikamtumia Hsiu-chu. Sikuwa na lingine la kumtumia.

Alinipigia yeye safari hii. "Hii si ya mtu," alisema. "Hii ni ya kampuni ya umeme ikikukatia."

"Najua."

"Wewe unasemaje?"

Ningeweza kumbembeleza. Alinipenda, na nadhani ningembembeleza angefungua. Tungeupata mji, na mimi ningebaki na watu wangu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilifikiria atakavyokaa nje ya ukuta alioutengenezea njia, akiwatazama wale wale wakiingia na kupongezana, na Ting-wei akisema mnaona, sheria imefanya kazi.

"Mimi nataka utufungulie sisi," nikamwambia. "Sitakudanganya. Nikikosa mji huu sina pa kwenda. Lakini aliyetolewa ni wewe, si mimi. Usifungue kwa ajili yangu."

Akasema, "Sawa, mdogo wangu. Umeniambia vizuri," akakata.

Saa kumi na moja kamili jeshi letu lilisimama kwenye ukingo wa kiwanja cha kwanza cheupe, halina pa kukanyaga. Nyuki walipita mashariki. Hawakukimbia, waliingia kama watu wanaokwenda kwenye harusi yao. Ukuta ulianguka kabla wali wangu haujaiva.

Kundi lilijaa matusi. Msaliti, mama mchawi, nilisema mimi, tulisema sisi. Po-yen akaanza kuandika uchambuzi. Yao-te akaandika: "Abiria wangu ananiuliza kwa nini nalia," kisha akatoka kwenye kundi. Mimi niliwashukuru watu wachache kwa majina, wale waliokuwa wakituma majeshi bila kelele, nikatoka pia.

Baada ya chakula Hsiu-chu alinitumia mwaliko wa Nyuki. "Nimewaambia siingii peke yangu," aliandika. "Wewe, yule wa teksi, na wote walionitetea. Wamekubali. Ila Nyuki wanaamka mapema, nakuonya."

Nilijiunga. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na uchungu kama chai iliyochemshwa mara ya pili, kwa sababu mji ule tungeweza kuupata sisi, wote, kwa mstari mmoja.

Orodha ya thelathini wa Mawingu ilitoka kabla sijamaliza kufuta meza. Jina la Ting-wei halikuwamo. Yao-te alisikia kwamba walisema hawana haja na mwenyekiti anayejikatia njia mwenyewe.

Muda kidogo ukapita, simu ikalia. Alikuwa Ting-wei, kaniandikia faraghani.

"Dada Sufuria. Samahani kwa leo, nilikosea. Hao Nyuki... bado wana nafasi?"

Alama ikatokea chini ya maneno yake, kumwonyesha kwamba nimesoma. Kwetu mtu akisoma asijibu, hilo ni jibu, na kila mtu analielewa.

Nikaandika, "Hilo neno si langu. Mpelekee mwenyewe." Nikamtumia namba ya kibanda cha Pingtung, nikaenda kumwamsha mume wangu kwenye kochi.