Video Iliyogoma Kuingia Mlangoni

Jana nilijitupa kitandani na hasira zangu, na usingizi uliponipitia tu nikaota video ya kamera yangu imekaa sebuleni, inakunywa chai ya rangi. Ilikuwa kubwa kama ng'ombe wawili. Kochi lilikuwa limekwisha kubonyea.

Niliitambua mara moja. Ndiyo iliyorekodi lori likirudi nyuma na kubomoa ukuta na tanuri langu la mikate hapa Iringa. Dereva anaapa kwamba yeye hakusogea. Ukuta ndio uliomfuata. Polisi wanaitaka video, bima wanaitaka video, na wiki nzima simu inaniambia ni kubwa mno, haiendi.

"Twende polisi," nikaiambia.

"Twende, mama. Ila usinikate," ikasema, ikimalizia chai. "Ushahidi uliokatwa ni umbea."

Tunafika kituoni. Mlango umekuwa mdogo kama wa banda la kuku. Koplo Tusekile, anayeshughulikia kesi yangu, anatoa kichwa.

"Kiambatisho kisizidi mbuzi," anasema.

"Hii ni ng'ombe wawili, afande."

"Basi ikamuliwe."

Nageuka, kumbe tuko kwa dobi. Dobi anaishika video kichwa na miguu, anaikamua kama shuka. Inatoka nyembamba, naweza kuibeba kwapani. Nafurahi, lakini najaribu kwanza.

"Lile lori lilikuwa na namba gani?"

Video inafikiri. "Lori gani?"

Nikachungulia kwenye beseni. Namba za lori zilikuwa zinaelea humo, pamoja na uso wa dereva. Bila zile namba ukuta wangu ndio utakaobaki na kosa, nami nitakula mikate ya watu mpaka nizeeke. Nikalinyanyua beseni, nikaimwagia video maji yote kichwani. Ikafura, ikakumbuka, ikaanza kulia.

"Nisamehe, mama."

"Yamekwisha. Futa machozi, usije ukapungua."

Meza ya dobi sasa ni kaunta ya bima. Nyuma yake yupo Bwana Kihwele, anayeshughulikia madai yangu, na Koplo Tusekile kakaa pembeni anakula karanga.

"Mama, nani alikwambia uibebe?" anauliza Bwana Kihwele. "Yenyewe iache kwako, nzima kama ilivyo. Sisi tupe kiungo tu."

Natoa iliki.

"Si hicho."

Namnyooshea kiwiko. Anakikagua kwa heshima zote. "Kizuri, lakini si hicho."

Video inakohoa. "Kiungo cha kunifungulia ninacho mimi," inasema, na ubavu wake unafunguka kama mlango. "Nafunga Ijumaa. Na wanaoingia ni hawa wawili na mwenye mali, tena kwa neno la siri."

Neno la siri lilikuwa nyuma ya meno yangu, linaona haya. Nikalibembeleza, likatoka, nikawanong'oneza. Wakavua viatu, tukaingia.

Tuko mtaani kwangu, asubuhi mbichi, ndani ya video. Lori linarudi nyuma taratibu. Dereva anatupungia mkono.

"Habari za asubuhi, mama!"

"Nzuri, baba. Unagonga."

"Najua," anasema, anaendelea.

Koplo Tusekile anasoma namba kwa sauti. Ukuta umesimama wima, haumfuati mtu.

"Sogea, Bwana Kihwele!" nikapiga kelele.

Hakusogea. Alikuwa amezama kama mtu anayetazama mpira. Ukuta ukaanguka, tanuri likaanguka, magunia ya unga wa ngano yakapasuka, mtaa mzima ukawa mweupe.

Nikaamka. Kumekucha, na simu inaita.

"Mama, ni Kihwele wa bima. Video tumeiona, mimi na koplo. Tanuri lako litajengwa, hilo halina mjadala."

"Lakini mimi sijatuma kitu, baba."

Akashusha sauti, kama mtu asiyetaka mkewe asikie.

"Samahani, mama. Wewe ni mtu wa mikate. Unga unatokaje kwenye suti ya sufu?"