Madereva wa Garimoshi Bovu

"Hivi Mama Spès, treni yetu ya Mpanda ina madereva wangapi?" Kabula, jirani wa Marta hapo mtaani Shanwe, alimuuliza siku moja wakichambua mchele uani. "Maana huyo mposaji wa Spès ni wa nne kuletwa mtaani, na wote wamepigwa picha kwenye kichwa kilekile cha treni."

Marta aliendelea kuchambua. Picha ilikuwa ndani, ndani ya kitabu cha sala. Mshenga, mzee Alois, ndiye aliyeileta: mpwa wake Melkiadi wa Ilembo, kofia ya reli kichwani, kiwiko dirishani, moshi unapanda nyuma yake, macho mbele kama anayeiona Tabora. Spès, binti yake, alikuwa ameshaionyesha kwaya nzima. Baada ya siku nane Marta angetakiwa kutoa jibu la posa, na tangu baba wa msichana afariki hapakuwa na mwingine wa kulitoa. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu: mkwe asiye mwongo. Ufukara walishauzoea.

Jumamosi iliyofuata akajiunga na matembezi ya Osward, mpiga picha wa madereva wote hao, akajionee mwenyewe.

Osward alikuwa na kamera moja na maneno mengi. Alikusanya watu waliovaa vizuri, akawapeleka kwa miguu nje ya mji, hadi kwenye garimoshi la makaa lililotelekezwa porini tangu enzi za mgodi. Safari hiyo aliiita utalii. Ilikuwa mwezi wa kumi, miombo imechipua majani mekundu, vilima vya samawati vimelala kwa mbali, na hakuna aliyegeuza shingo kuvitazama.

"Mapori si tunayo nyumbani!" mama mmoja alisema, viatu mkononi asivichafue.

Walipofika, Osward aling'oa nyasi zilizoota kati ya magurudumu, akafukuza kenge, kisha akachoma majani mabichi kwenye tanuru ili moshi utoke. Kwanza walitoka nyuki. Watalii wote wakalala kifudifudi na suti zao. Nyuki walipochoka, watu wakainuka, wakapangusana mavumbi, wakapanga foleni.

"Shika hiyo nondo, dereva! Nyie wengine kaeni pembeni, mnatia kivuli! Usicheke wewe, dereva hacheki, ana roho za watu mkononi!"

Kofia ilikuwa moja. Ilihama kichwa hadi kichwa ikizidi kulowa jasho, mpaka ikamfikia Telesfori, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, ambaye wiki iliyopita tu aliwafafanulia amri ya nane, usiseme uongo. Alipomwona Marta, mkono ulimganda kwenye ile nondo.

"Ni kumbukumbu tu, Mama Spès. Ya watoto."

"Pigwa tu, mwenyekiti. Moshi unaisha."

Osward akamgeukia Marta. "Na mama je? Nikuweke dirishani unapunga leso, kama unakwenda Dar?"

"Mimi nimekuja kutazama, mwanangu."

Alitazama vya kutosha. Nyumbani hakumwambia mtu, hata Spès, ila alikata shauri moyoni: atamuuliza kijana mara moja, mbele ya watu. Akisema kweli, atapewa binti. Akidanganya, aondoke na garimoshi lake.

Kesho yake, baada ya misa, Alois na mpwa wake wakaja. Spès akaleta birika la chai na viazi vitamu, kitenge kipya kiunoni. Mzee Alois hakungoja hata chai ipoe.

"Huyu kijana tumempata kwa bahati tu leo. Kazi za reli mnazijua. Hapa treni yenyewe inamsubiri yeye."

"Mzee Alois, pumzika kidogo," Marta alisema. "Nataka nimsikie mwenyewe. Melkiadi, mwanangu, unaendesha treni?"

Alois akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, akimtazama mpwa wake. Melkiadi alitazama sakafu mpaka jasho likamdondoka puani.

"Hapana, mama. Natengeneza baiskeli pale sokoni Ilembo. Ile picha nilipigwa porini. Mjomba alisema Shanwe fundi baiskeli hapewi mke. Nisamehe."

Kikohozi cha Alois kikapona palepale. Alichukua kiazi, akaanza kukimenya kwa uangalifu mkubwa.

Marta akafanya ishara ya msalaba. "Basi jibu langu ni ndiyo. Mwanaume anayejishusha mwenyewe mbele ya wakwe, huyo ndiye niliyemwomba."

Nje, dirishani, Kabula aliyekuwa hapo bila kualikwa akapiga kigelegele.

Spès alikuwa bado amesimama na birika. "Kwa hiyo hata Tabora hujafika?"

"Sijafika, Spès. Lakini baiskeli yangu ni nzima, ina dinamo na karia."

Spès akatua birika mezani, taratibu, bila kumwaga hata tone. Akamtazama mama yake, akamtazama fundi baiskeli, akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka, akaipita ile baiskeli ya dinamo na karia bila hata kuitupia jicho.