Springi ya Sita

Nilikuwa nawachukia maejenti, wale mawakala wa kampuni ya misumeno, kama mtu anavyochukia siafu kitandani. Nasema mapema ili usije ukadhani nawatetea. Mwaka huo wa 1984, ukipeleka msumeno wako wa injini, huu tunaouita pawaso, kwa ejenti Nairobi, ungekaa huko mpaka usahau rangi yake. Na sisi mafundi wa barabarani hawakutuuzia spea hata kwa machozi. Walisema mashine iletwe nzima, pamoja na karatasi zake. Kwa hiyo sisi wa Emali tulijitengenezea.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Ndeti. Babu yake alikuwa akisuka mikufu ya shaba, ile myembamba ya Wakamba wa zamani, na Ndeti akarithi vidole. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo springi zake zote zilijisokota kuelekea kushoto, wakati zangu na za dunia nzima zinaelekea kulia. Ukifungua mashine ulijua mara moja kama Ndeti amepita humo.

Springi za klachi ndizo alizozijali kuliko vyote. Hizo ndizo zinazofanya mnyororo usimame ukiachilia mafuta. Springi ikikatika, injini inanguruma polepole na wewe unadhani mnyororo umelala, kumbe unazunguka. Unaushusha msumeno kando ya mguu wako kama ulivyozoea, na mguu unaenda.

Ndeti alichoma waya mpaka ukawa mwekundu, akautumbukiza kwenye mkebe wa oili kuukuu uliokaa juu ya makaa, kisha akauacha humo. Saa hakuwa nayo. Alipima kwa wimbo wa kanisani, beti mbili, polepole, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia akizima kwa maji kazi inaisha kabla hajafungua mdomo, naye akanijibu kila mara, "Nzioka, springi ya maji huvunjika kama njugu, tena huvunjika siku usiyoitaka."

Alikufa mwezi wa Agosti kwa ugonjwa wa kifua, tukamzika kwao upande wa Kiboko. Wiki hiyo ndiyo njaa ilikuwa imekaza, ile tuliyoiita Nikwa Ngwete, kwamba mtu anakufa na pesa anazo mkononi kwa sababu chakula cha kununua hakipo. Kila mtu alikuwa anakata miti achome makaa, na malori yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara ya Mombasa. Nilirudi kutoka mazishini nikakuta pawaso sita mlangoni na wenyewe wamesimama juu yangu wakinihimiza. Nikachukua ndoo ya maji. Springi za mashine zote sita nilizizima kwa maji, na sikuimba hata beti moja.

Ya sita ilikuwa ya ndugu yangu mdogo, Muli. Alikuwa akiishi Tseikuru miaka minane, akimkatia tajiri mmoja wa mifugo, Abdille, nguzo za boma. Ndeti hakuwahi kumwona hata siku moja, na yeye hakuwahi kumwona Ndeti. Alikuja na mashine, nikampa imetengenezwa, akapanda basi nayo asubuhi yake nikampungia mkono. Utaniuliza kama nilijua. Nilijua. Nilijiambia tu kwamba mvua ikinyesha nitaziita mashine zote nibadilishe springi kimyakimya, mtu asijue.

Mwezi wa Oktoba, Mwangangi, mmoja wa wale sita, mteja mgeni wa upande wa njia ya Loitokitok, aliniletea pawaso yake nimsafishie plagi. Nikaona heri nitumie nafasi hiyo niitoe ile springi ya aibu. Nikafungua kifuniko. Springi yangu haikuwamo. Ndani palikuwa na springi nyeusi ya oili, imejisokota kuelekea kushoto.

Nilikaa nayo kiganjani jua la saa sita likiniwakia kichwani. Nikamuuliza Mwangangi, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, ni nani aliyeifungua mashine.

"Si ni mzee wako," akasema. "Alikuja shamba mchana, akaomba maji ya kunywa. Akasema kuna kitu wewe ulisahau ndani. Si wewe ulimtuma?"

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye niliyemtuma. Ningesema nini? Mimi ni mtu wa kanisa, mzee wa kukusanya sadaka, na mtu niliyemtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe hawezi kuomba maji kwenye mashamba ya watu. Nilijituliza kwamba labda Ndeti alikuwa amemfundisha fundi mwingine kwa siri. Siku mbili nilijituliza hivyo.

Siku ya tatu alikuja Mbuvi, fundi wa ejenti. Mwanzoni niliona Landrova, nikaona koti la buluu, na damu ikanichemka. Mbuvi alikuwa amezunguka mashamba wiki nzima akiwaambia wateja wangu kwamba springi za Emali zitawaua, na akizifungua mashine mbele yao ili wajionee. Nilikuwa nimemwekea matusi ya kutosha. Lakini hakuja kugombana. Alikaa kwenye benchi langu, akavua kofia, akaniuliza ni nani anayenitengenezea springi.

Alisema amefungua pawaso tano zilizotengenezwa kwangu, na katika zote amekuta springi ambazo hata kiwandani kwao hawajui kuzitengeneza. Akanitajia wenye mashine mmoja mmoja. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Ya mwisho nimefungua jana," akasema. "Mwenyewe anasema haijawashwa wiki mbili, mafuta hana. Lakini nilipogusa hiyo springi, oili ilikuwa bado vuguvugu. Niambie ukweli, ndugu. Huyo mtu yuko wapi?"

Vidole vyangu vilikuwa vimefika tano na kusimama. Watu wote aliowataja walikuwa wa huku kwetu, na aliyekosekana alikuwa Muli. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba mtu wa ejenti kitu. Nilimsihi aniuzie springi za klachi, aina ile ile, jozi moja tu, ni za ndugu yangu. Mbuvi alitazama sanduku lake lililokuwa nyuma ya gari, na nadhani alitamani kunipa. Akasema kampuni hairuhusu. Mashine iletwe Nairobi.

"Mashine iko Tseikuru," nikamwambia.

"Basi iletwe," akasema, akavaa kofia yake. Mpaka leo sijui kati yangu na yeye nani alikuwa mbaya zaidi siku hiyo.

Nilifungasha waya, koleo na mkebe wa Ndeti, nikaondoka. Safari ilinichukua siku mbili, Machakos, Kitui, Mwingi, na huko mbele nikapanda lori la mbuzi. Njia nzima nilikuwa nasikia pawaso pasipo na pawaso. Nilimwomba Mungu, halafu nikaona haya kumwomba, kwa maana kosa halikuwa lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu nilikuwa nimeyaficha kwenye mguu wa mtoto wa mama yangu.

Nilifika kwa Abdille jua likiwa utosini. Muli alikuwa ameketi mbele ya stoo ya ngozi. Niliitazama miguu yake kabla sijamtazama uso. Ilikuwa miwili. Nikaegemea nguzo nikalia, na yeye akacheka, akidhani ni jua.

Pawaso ilikuwa juu ya gunia kando yake. Nikamuuliza kama ameiwasha.

"Siku nne sijaiwasha, mwanaa mwaitu," akasema, yaani mwana wa mama yetu. "Mzee wako alinikataza. Alifika hapa mchana, nikampa maji. Akafungua hiyo kifuniko, akaangalia, akatingisha kichwa, akafunga. Akasema zile zingine amekusaidia, lakini hii hataigusa. Hii ni ya Nzioka. Nikamwambia wewe uko Emali, huwezi kuja. Akasema uko njiani."

Siku nne nyuma Mbuvi alikuwa hajafika kwangu. Nilikuwa bado benchini Emali, nikijituliza.

Nikafungua kifuniko. Springi yangu ya maji ilikuwa imekatika mara mbili, vipande vimeshikiliwa na grisi tu. Kama Muli angevuta kamba ya kuwasha mara moja, mnyororo ungezunguka na usingesimama. Nilimwonyesha vile vipande, nikamwambia ni kazi ya mkono wangu, nilizima kwa maji kwa sababu nilikuwa na haraka, na nilijua. Alivichukua, akavigeuza kiganjani. Hakunitukana, na nilitamani anitukane.

Tukawasha makaa pale pale uani, mchana kweupe, mbuzi wakipita. Nilisokota waya, nikauchoma mpaka ukawa mwekundu. Nikautumbukiza katika mkebe wa Ndeti. Oili ikachemka kidogo, kisha ikatulia, na nikajua sina namna, lazima niimbe. Sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya kanisa. Nikamaliza beti ya kwanza. Ya pili ikanipotea. Miaka yote ile nilikuwa namcheka mzee badala ya kumsikiliza, na sasa sikuyakumbuka hata maneno ya kuanzia.

Hapo ndipo beti ya pili ilipoanza, nyuma ya stoo, polepole, kwa sauti ya kukwaruza.

Muli aliinua kichwa. "Nani anaimba huko nyuma?"

Sikugeuka. Mgongo wote ulikuwa umepoa, jua lote lile. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini macho sikuyatoa kwenye mkebe, kwa sababu springi ya ndugu yangu ilikuwa humo na haikuwa imeiva bado. Nikaifuata ile sauti, neno kwa neno, nyuma yake kidogo, kama anayefundishwa. Beti ilipoisha, ilinyamaza. Nikachukua koleo nikaitoa springi, nyeusi, ngumu, imejisokota kuelekea kulia. Ilikuwa yangu.

Muli alikuwa amekwenda kuchungulia nyuma ya stoo. Akarudi akisema hakuna mtu, ni ngozi tu zimeanikwa. Nikamwambia achote kikombe cha maji akakiweke pale pale. Akaniuliza ni cha nani.

"Cha fundi," nikamwambia.